Mzaliwa wa Kabete Aliyeitafutia Mifupa Ngeli

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili twaijua shida ya kuainisha. Neno kifaru lina sura ya KI-VI, lakini hakuna asemaye kifaru kimekimbia. Twasema kifaru amekimbia. Ukitazama umbo peke yake utapotea. Marehemu Louis Leakey alipambana na swali kama hilo maisha yake yote, ila ngeli zake yeye zilikuwa za mawe na mifupa.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, hapa hapa magharibi ya Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamishenari Waingereza, lakini Kikuyu alikizungumza kama watoto wenzake. Alipokuwa na miaka kama 13 alianza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Wengine wangeona takataka tu. Yeye alivipeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho madogo ya Nairobi wakati huo, naye akathibitisha kwamba baadhi yake ni zana za watu wa kale.

Baada ya masomo ya Cambridge alirudi kuchimba. Kitabu chake cha 1931 kilipanga zana za mawe za Kenya, za kale zaidi hadi za karibuni. Mwaka 1932 mfanyakazi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Leakey akakipa jina jipya, akitangaza kwamba ni cha babu wa kale sana wa binadamu. Kumbe! Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kukagua mahali penyewe. Vyuma vya kutia alama havikuwapo tena, na picha iliyokuwa imeonyeshwa ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaandika hayo, na jina la Leakey likaingia doa. Nionavyo mimi, kitu kisichojulikana kilitoka wapi huwezi kukipa ngeli, hata kiwe cha ajabu namna gani.

Kuanzia 1941 alisimamia Makumbusho ya Coryndon, ambayo baada ya Uhuru yaliitwa Makumbusho ya Taifa. Aliyafungua kwa watu wa rangi zote, jambo geni katika Nairobi ya mkoloni. Lakini si kwamba alikuwa malaika. Wakati wa Mau Mau aliisaidia serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Kapenguria alikuwa mkalimani mpaka mawakili wa Kenyatta wakampinga. Kwa ulimi alikuwa Mkikuyu, kwa kazi hiyo akawa upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa mgumu kuainishwa!

Mwaka 1959 mkewe Mary alipata fuvu huko Olduvai, Tanganyika. Leakey aliliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Baadaye wataalamu walilihamishia kundi jingine. Mwaka uliofuata ikapatikana mifupa mingine pale pale, na sasa ndipo ubishi ukawaka. Mtaalamu Arthur Keith alikuwa ameshaweka mpaka: asiye na ubongo wa sentimita za ujazo 750 si mtu. Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier waliushusha hadi 600. Hawakupima ubongo tu, bali waliangalia pia mkono unaoweza kushika vizuri na mwendo wa kusimama wima. Wakamwita Homo habilis, yaani mtu hodari wa mikono. Kama kifaru wetu, aliingizwa ngeli ya watu kwa matendo yake. Wataalamu wengine walikataa, na mpaka leo bado wanabishana.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Ndugu msomaji, ukipanda matatu kutoka Kangemi au Uthiru kwenda tauni, utapita chini ya kilima cha Makumbusho. Siku moja shuka uingie. Usisome majina tu na kuondoka. Jiulize kila kitu kilitoka wapi, nani alikiokota, na nani aliamua kiwekwe hapo. Wa taya la Kanam, sasa unamjua: ni Juma Gitau.