Denis Parsons Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto iliyopewa jina lake, limfoma ya Burkitt, inayopatikana sana kandokando ya Ziwa Viktoria, pamoja na Mwanza.

Maisha

Alizaliwa Enniskillen. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusoma uhandisi kwenye Trinity College, Dublin, kisha akahamia udaktari. Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali nchini Uganda, kwanza Lira, halafu hospitali ya Mulago, Kampala.

Utambuzi wa ugonjwa

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za mataya ya juu na ya chini. Baada ya wiki chache, huko Jinja, Burkitt alikuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Hadi wakati huo uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari ulihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali. Yeye alitambua kuwa ni ugonjwa mmoja, akatoa makala yake mwaka 1958.

Kutofautisha uvimbe wa taya

Si kila uvimbe wa taya ni saratani. Sisti ni mfuko wenye majimaji, nayo kwa kawaida hukua polepole kwa miezi au miaka. Jipu la jino huleta maumivu na usaha. Limfoma ya Burkitt hukua haraka mno, hulegeza meno na mara nyingine hushika zaidi ya taya moja. Uhakika hupatikana kwa kupima kipande cha uvimbe kwa hadubini. Kukosea ni hatari: sisti huondolewa kwa upasuaji, lakini limfoma hiyo hutibiwa kwa dawa, na kuchelewa kunaweza kumwua mtoto.

Safari na urithi

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Johannesburg na kurudi, jumla ya takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitalini kuhusu ugonjwa huo. Waliukuta katika maeneo yenye joto na mvua, kama yalivyo mazingira ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waligundua ndani ya seli zake virusi vya Epstein-Barr. Malaria pia huchangia.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akatetea chakula chenye nyuzinyuzi. Alifariki Gloucester.