MAISHA YA WATUMISHI WA MUNGU: JOHN WESLEY NA KIKOMBE CHA UJI SIKU YA KUFUNGA

Siku hizi ndugu wengi hufunga huku wakinywa uji mwembamba au maji ya matunda, na wengine huwacheka wakisema huko si kufunga bali ni kujidanganya. Badala ya kubishana, katika toleo hili tumeona vema tuwasimulie habari za mtumishi mmoja aliyefunga kwa miaka mingi. Swali hilo lilimfikia kwa uchungu, maana watu walimshtaki kwamba mfungo wake umemwua rafiki yake.

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza. Baba yake Samuel alikuwa mchungaji wa Anglikana ambaye aliwahi kufungwa gerezani kwa sababu ya madeni, na mama yake Susanna alizaa watoto 19, wengi wao wakafa wangali wachanga. Usiku mmoja wa mwaka 1709 nyumba yao iliteketea. John alikuwa na miaka mitano, akasahaulika ndani, na watu wakamtoa dirishani mmoja akiwa amesimama juu ya mabega ya mwenzake. Baada ya moto watoto waligawanywa katika nyumba za watu mpaka makao mengine yajengwe. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa zaidi jambo hilo.

Alisoma Oxford, akawa mwalimu huko. Kuanzia mwaka 1729 yeye, mdogo wake Charles na vijana wachache walikutana kusoma Maandiko na kuomba, nao wanafunzi wengine wakawacheka na kuwaita Wamethodisti, kwa sababu ya kufuata utaratibu katika kila kitu. Kati yao alikuwamo William Morgan, kijana kutoka Ireland. Huyu ndiye aliyewatoa wenzake chumbani. Alikwenda kwanza peke yake kuwatazama wafungwa, kisha mwaka 1730 akawashawishi akina Wesley wafuatane naye. Kazi ile ya magereza, ambayo Wesley hakuiacha hata uzeeni, ilianzia kwa Morgan.

Mwaka 1732 Wesley alianza kufunga Jumatano na Ijumaa. Aliiga desturi ya Wakristo wa karne za kwanza: hakula kitu mpaka saa tisa alasiri. Mwezi wa Agosti mwaka uleule Morgan, ambaye alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alifariki Dublin. Maneno yakaenea Oxford kwamba ndugu wawili Wesley wamemwua kijana wa watu kwa kumfungisha kupita kiasi.

Hebu fikiri, mpendwa, ni uzito gani huo. Mwezi wa Oktoba Wesley alikaa akamwandikia baba wa marehemu barua ndefu. Alimweleza kwamba kijana alikuwa ameacha kufunga karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya barua hiyo, na kwamba yeye Wesley mwenyewe alikuwa hajatimiza nusu mwaka tangu aanze. Alimweleza pia kazi waliyoifanya pamoja kwa wafungwa na maskini. Mzee Morgan alimjibu kwa upole, na mwaka uliofuata akampeleka mwanawe mdogo, Richard, Oxford awe mwanafunzi wa Wesley. Baba aliyefiwa hampi mtoto wake wa pili mtu anayemdhania mwuaji.

Lakini hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Wakati wa Kwaresima mwaka 1735, kijana mwingine wa kundi lile, George Whitefield, alijifunga kwa ukali mno. Isipokuwa Jumamosi na Jumapili, chakula chake kilikuwa mkate mbaya na chai ya mitishamba isiyo na sukari. Akadhoofika hata kupanda ngazi kukawa shida, na mwalimu wake akaita daktari. Alilala mgonjwa kwa wiki kadhaa. Ni katika kitanda kile alipopata amani ya kusamehewa dhambi, baadaye akawa mhubiri aliyesikilizwa na maelfu. Wengine husema ni mfungo ulioleta neema ile. Sisi tunaona neema ilikuja baada ya njia yake mwenyewe kumwishia.

Wesley naye alijaribu mambo yake. Alipokuwa melini kuelekea Georgia, Amerika, mwaka 1735, aliacha nyama na divai, akala hasa wali na biskuti. Huko Georgia, mwaka 1736, yeye na mwenzake Delamotte walijaribu kula mkate tu kwa muda, wakajiona wana nguvu. Hata hivyo utumishi wake kule haukufanikiwa, akarudi nyumbani amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, aliamini kwamba Kristo amemwondolea yeye dhambi zake. Tangu hapo hakufundisha kamwe kwamba mtu hupanda kwenda mbinguni kwa ngazi ya tumbo tupu. Lakini kufunga hakukuacha. Mwaka 1743 alipoandika kanuni za vikundi vyake, aliweka mambo mawili pamoja: kufunga, au kujinyima.

Neno hilo la pili ndilo linalotuhusu. Katika mahubiri yake juu ya Mathayo sura ya 6, yaliyochapishwa mwaka 1748, alieleza kwamba kuna kutokula kabisa kwa muda, kuna kupunguza kwa yule ambaye mwili wake hauwezi, na kuna kuacha vyakula vya kupendeza kama alivyofanya Danieli. Aliwaonya wale wanaoinua kufunga kupita Maandiko, na wale wanaokudharau. Afya, alifundisha, ni kipawa cha Mungu, wala mtu hana ruhusa ya kuiharibu kwa kisingizio cha ibada.

Kwa wahubiri wake alishuka mpaka jikoni. Aliwaagiza kwamba asubuhi ya siku ya kufunga wasiguse chai, kahawa wala chokoleti. Lakini mwenye kuhitaji anywe nusu painti ya maziwa au uji mwepesi, yaani kama kikombe kimoja. Mchana viazi. Jioni, ikimlazimu mtu, kipande kidogo cha nyama. Basi wale wanaocheka kikombe cha uji wajue wanamcheka nani. Angalieni pia alichokataza: vile vinywaji vitamu vya gharama ambavyo watu walivipenda. Kunywa chupa baada ya chupa za juisi ya dukani tangu asubuhi, kisha kuita hiyo taabu ya roho, sidhani kama angekubali.

Chai yenyewe alipigana nayo. Mwaka 1746 aliona maskini wa vikundi vyake wanamaliza fedha kwa chai, akaamua na viongozi wenzake kuiacha ili kuonyesha mfano, na yeye alikuwa ameizoea miaka 26. Siku tatu za kwanza kichwa kilimwuma na alisinzia mchana kutwa. Siku ya tatu hata kumbukumbu ilimpotea. Jioni aliomba, na asubuhi yake akaamka mzima. Kilichookolewa kiliwafaa wahitaji. Miaka mingi baadaye daktari alimshauri arudie chai, naye akarudia bila kuona aibu. Birika lake kubwa bado limehifadhiwa London.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa makazini lazima tulitenganishe. Njaa ya posho iliyokwisha kabla ya mwezi haujaisha si mfungo, wala mtu asiambiwe aipokee kama mfungo. Mwaka 1773 chakula kilipopanda bei Uingereza, Wesley aliandika juu ya mtu aliyemjua akiokota samaki waliooza jaani, na mwingine akikusanya mifupa iliyoachwa na mbwa ili achemshe mchuzi. Lawama hakuwatupia hao. Aliwalaumu waliokuwa wakigeuza nafaka kuwa pombe kali, na matajiri na anasa zao. Kufunga ni kwa mwenye cha kuacha. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu na anayetumia dawa za kila siku, hao kwanza wazungumze na mganga wa zahanati.

Na kile kilichoachwa kiende wapi? Mahubiri yale ya Mathayo 6 yalimalizia kwa sadaka kwa wahitaji, naye aliyatenda. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alitembea London siku nne au tano, theluji inayoyeyuka ikimfika vifundoni tangu asubuhi hata jioni, akiomba fedha za kuwavika maskini. Alipata paundi 200. Kisha akaanguka kwa kuhara kukali.

Uzeeni alifunga Ijumaa tu. Mwaka 1789 alisikitika hadharani kwamba mwanzoni baadhi ya watu wake walifunga hata wakaharibu afya, na wengine wakaifanya hiyo sababu ya kutofunga kabisa. Hakuwapa haki wa kwanza wala wa pili.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Katika wosia wake alikataza gari la maiti na fahari yoyote ya mazishi. Aliagiza maskini sita wachukue mwili wake mpaka kaburini, na wagawane paundi sita.