Habari za Johannes Kuhlo, Mchungaji wa Tarumbeta



Katika sharika zetu za pwani, tangu Kaole na Bagamoyo hata Dar es Salaam, na katika sharika za bara vilevile, liko swali ambalo wazee wa kanisa huulizana kila wanapofikiri kuanzisha kikundi cha tarumbeta. Fedha ni kidogo, na watu ni wachache. Basi tushike vyombo gani, na vipi tuviache? Wengine husema, tungoje mpaka tuvipate vyote. Wengine husema, tununue kile chenye sauti kubwa kupita vyote. Nimeona ni vema niwasimulie habari za mtu mmoja aliyelichukua swali hili maisha yake yote, na kazi yake imeyagusa makanisa ya nchi yetu. Jina lake ni Johannes Kuhlo, mchungaji wa Ujerumani. Si kila tendo lake lafaa kufuatwa, wala sitalificha lile lisilofaa. Maana mwenye kutaka kujifunza hujifunza kwa mema na kwa mabaya ya waliotutangulia.

Kuhlo alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1856 katika kijiji cha Gohfeld, nchi ya Westfalia. Baba yake, Eduard Kuhlo, alikuwa mchungaji. Watu wengi wa nchi ile walikuwa wakulima na wafumaji wa kitani, wala hawakuwa matajiri. Lakini kabla Johannes hajazaliwa, uamsho mkubwa ulikuwa umeingia katika sharika zao, na kiongozi wake mmoja alikuwa mchungaji Volkening wa Jöllenbeck. Watu wakazijaa nyumba za ibada, na sikukuu za misioni zikafanyika nje, mashambani na chini ya miti, kwa sababu makanisa hayakuwatosha. Hapo ndipo haja ilipoonekana. Kinanda kikubwa cha kanisa hakitoki nje ya mlango. Na umati ulioketi uwanjani, ukiimba bila kiongozi, wa mbele humaliza ubeti na wa nyuma wangali katikati. Basi mwaka 1843 huko Jöllenbeck vijana wakaanza kupiga tarumbeta ili kuongoza nyimbo za kanisa, na jambo hilo likaenea kijiji kwa kijiji. Eduard Kuhlo akawa mmoja wa viongozi wake, na mwanawe akakua katika sauti hizo.

Lakini vijana wale walikuwa na taabu mbili. Taabu ya kwanza ilikuwa vyombo. Kila mtu alileta alichokipata, na vingi vilikuwa vya namna ya bendi za askari. Taabu ya pili ilikuwa nota. Katika bendi za askari kila chombo huandikiwa nota zake kwa namna yake, hata nota iliyoandikwa si ile inayosikiwa. Mtu akihama kutoka chombo hiki kwenda kile hana budi kujifunza upya, wala hawezi kufungua kitabu cha kinanda cha kanisa akapiga pamoja na waimbaji. Kwa askari si neno, maana wana mwalimu wa kila siku na mshahara. Kwa mfumaji anayejifunza jioni akiisha kazi yake, ni mzigo mzito.

Baba na mwana wakaikata taabu hii ya pili kwa shauri moja. Wakaamua kwamba kila nota iandikwe kama inavyosikiwa, sawasawa na kitabu cha kinanda na cha kwaya. Tangu hapo kitabu kimoja kikawatosha wote: mwimbaji, mpiga kinanda, na mpiga tarumbeta. Ndugu akiugua au akihamia mjini, mwenzake aliweza kushika mahali pake upesi. Eduard Kuhlo akatoa kitabu cha tarumbeta kwa njia hiyo, na mwanawe akaiendeleza kazi hata vitabu vyao vikatumika Ujerumani kote.

Johannes alisoma elimu ya theolojia, na tangu 1882 akatumika katika usharika wa Hüllhorst, usharika wa mashamba. Huko alilishika sana swali la vyombo. Kipimo chake kilikuwa kimoja, sauti ya mtu anayeimba. Chombo kinachofanana na sauti hiyo kikae; kinachoifunika au kuitia ukali kiondoke. Kwa kipimo hicho aliacha filimbi na klarineti, ambazo bendi za askari zilizipenda. Aliacha ngoma, maana kwa masikio ya watu wake ngoma zile zilikuwa mwendo wa jeshi. Tena, jambo lililowashangaza wengi, hakuitaka hata ile tarumbeta nyembamba yenye sauti kali. Bomba lake lina upana mmoja sehemu kubwa ya urefu wake, na kwa hiyo sauti yake hung'aa na kukata. Badala yake alichagua flugelhoni, ambayo bomba lake hupanuka polepole tangu mdomoni mpaka mwisho, na sauti yake ni ya mviringo na ya upole. Fundi mmoja wa Bielefeld, Ernst David, akatengeneza flugelhoni kwa shauri lake, nayo ikaitwa pembe ya Kuhlo. Chini ya flugelhoni aliweka pembe kubwa zaidi za jamii hiyohiyo, na chini ya hizo tuba, iliyobeba sauti ya nne kama msingi unavyobeba nyumba.

Msomaji atauliza, je, hakuona hasara kuacha vyombo vingi namna hiyo, na Zaburi ya 150 yavihesabu vyombo vya kila namna, vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupigwa? Hapana budi kukumbuka watu aliokuwa nao. Kwaya ya kijiji ina watu wanane au kumi. Ukiwagawanyia vyombo vya namna kumi, umepata sauti kumi zisizojuana. Ukiwapa vyombo vya jamii moja, umepata wimbo wa sauti nne, na kila sauti ina watu wawili wa kusaidiana. Mwenye vichache hawezi kuitimiza Zaburi yote peke yake. Atimize sehemu yake kwa uzuri.

Mwaka 1893 Friedrich von Bodelschwingh alimwita Kuhlo aje Betheli karibu na Bielefeld, mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifafa na maskini wengi. Huko akawekwa kuwa mkuu wa Nazareti, nyumba ya kuwafundisha mashemasi, na kazi hiyo akaishika karibu miaka thelathini. Kuhlo akasafiri huku na huku, akafundisha vikundi vya vijijini, akaongoza mikutano mikubwa ya wapigaji, hata watu wakampa jina la Jenerali wa Tarumbeta.

Hapa habari zake zakutana na zetu. Misioni ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1887 ikaanza kazi Dar es Salaam. Tangu 1890 Bodelschwingh akawa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1906 makao yake yakahamia Betheli. Kazi ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kukabidhiwa Misioni ya Berlin mwaka 1903. Betheli ikaendelea Usambara, na mwaka 1910 ikaingia Bukoba. Mashemasi wa Nazareti walikuja kutumika katika nchi yetu, kama huko Lutindi katika Usambara, ambako mwaka 1896 palifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa, na baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili. Tarumbeta zinazosikika leo katika makanisa ya Usambara, Bukoba, Kilimanjaro na Dar es Salaam, siku za Pasaka na siku za maziko, zina asili yake katika desturi ile ya vijiji vya Ujerumani.

Sasa sina budi kusimulia lile lisilofaa. Hitler alipotwaa utawala wa Ujerumani mwaka 1933, Kuhlo, mzee wa miaka zaidi ya sabini na sita, alimwunga mkono waziwazi, akaziacha tarumbeta zake zimsifu. Wakristo wengine wa Ujerumani walikataa, na wengine waliteswa kwa ajili hiyo. Mtu aliyekuwa na masikio makali ya kutambua chombo chenye ukali kikundini, hakuutambua ukali wa mtawala yule. Maisha yake yote aliwafundisha vijana kwamba si kila sauti kubwa yafaa katika nyumba ya Mungu. Lakini sauti kubwa kuliko zote ilipokuja, aliifungulia mlango. Kuhlo akafa tarehe 16 Mei 1941 huko Betheli, wakati wa vita. Sisi tunaopokea kazi ya mikono yake tuipokee kwa shukrani, na anguko lake tulipokee kwa kicho. Kikundi cha tarumbeta hualikwa na wengi wenye nguvu, na ni lazima kijue mwaliko gani kiukatae.

Baada yake watu wa vikundi vyenyewe waliipima upya kanuni yake. Waalimu waliofuata, kama Wilhelm Ehmann wa Herford, walizirudisha tarumbeta nyembamba na tromboni, maana nyimbo za kale za kanisa la Kilutheri zilitungiwa vyombo vya namna hiyo, na zikipigwa kwa flugelhoni tupu hupoteza mwanga wake. Hivyo twaona kwamba orodha ya Kuhlo haikuwa sheria ya milele. Ilikuwa jibu la mtu mmoja kwa watu wake. Kinachodumu ni swali lake: chombo hiki chamsaidia mwimbaji, au chamfunika?

Basi sisi wa sharika ndogo tufanyeje? Kwanza, tuache vyombo vya kurudia kabla ya kuacha sauti. Tarumbeta tano zikipiga sauti ya kwanza, na sauti ya nne haina mtu, huo ni ukuta usio na msingi. Wapigaji wakiwa wanne, kila sauti ipate mmoja. Wakiwa watatu, ishikwe ya kwanza na ya nne na moja ya katikati, na waimbaji wajaze iliyobaki. Wakiwa wawili, ya kwanza na ya nne. Akiwa mmoja, apige sauti ya kwanza tu, bila mapambo, naye atawaongoza watu vema.

Pili, tusinunue chombo kisicho na mtu. Hapa Kaole na pwani yote hewa ya bahari ina chumvi, na shaba haiipendi. Tarumbeta isiyopigwa, isiyofutwa wala kutiwa mafuta, vitufe vyake hukwama. Afadhali vyombo vinne vinavyopigwa kila juma kuliko kumi vilivyofungiwa kabatini.

Tatu, habari ya ngoma. Kuhlo aliiacha kwa sababu katika nchi yake ilinuka jeshi. Sisi tusiiache kwa sababu yake, wala tusiishike kwa ubishi. Tuipime kwa swali lilelile. Pwani hii ilijua pembe na ngoma kabla ya misioni kufika. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na ya Lamu ni ya shaba. Kila moja ilitosha peke yake kuitangaza heshima ya mji. Tena mwisho wa karne ya 19 ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani, ikiziiga bendi za askari. Ilipoenea mashambani, ambako shaba haikupatikana, wengi waliendelea kwa ngoma, wala mchezo haukufa. Basi watu wetu wanajua tangu zamani kufanya mengi kwa machache. Ngoma ikiwashika waimbaji pamoja, ikae. Ikiwashinda sauti, ipigwe polepole au ingoje nje mpaka wakati wa maandamano.

Wazee wapendwa, nanyi walimu na wainjilisti, msione haya kwa uchache wa vyombo vyenu. Aoneaye haya uchache hununua kelele, na kisha hulipa deni miaka mingi. Hesabuni kwanza watu mlio nao, mkiangalia pumzi yao na saa zao za kufanya mazoezi, ndipo mhesabu shaba. Naye Bwana aliyewapa watu hao awape pia masikio ya kusikilizana.