Vyungu vya Ilesi na Sauti ya Fumba

Wiki mbili safu hii haikutoka, na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Nilikuwa Iguhu, Kakamega, kwa wakwe zangu. Mjomba wa mke wangu alifariki, nasi tukabeba watoto, usiku kucha basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha mchana kutwa tena mpaka magharibi. Kwa mtu aliyezaliwa akisikia bahari, kule ni mbali kweli. Upepo hauna chumvi, na mvua hupiga alasiri kana kwamba imeweka miadi.

Mazishi ya Waidakho si kama yetu. Sisi maiti hatumweki, na tukishazika ni dua na kisomo. Wao humsindikiza mtu wao kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ikilia juu yake, na watu wazima kwa watoto wakitikisa mabega. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa upesi, maana wanaoijua wanapungua. Mimi nilisimama pembeni na kofia yangu, nikisikia kishindo kikipanda kutoka ardhini mpaka magotini. Msiba wenyewe, kama Kenya nzima, wanauita matanga. Sisi watu wa pwani tuna matanga ya aina mbili, ya msiba na ya chombo, na siku ile nilikuwa ndani ya yale ya kwanza huku simu ikiniletea habari za yale ya pili.

Ndugu yangu wa Lamu alikuwa ameniandikia. Tamasha linakaribia, mashua zinapakwa sifa kwa ajili ya mashindano, wageni wenye vyombo vyao vya tanga wameshaanza kutia nanga Shela, na jioni kutakuwa na taarab. Kikundi kimoja kimemsikia binti yangu katika arusi ya jamaa na kinamtaka aimbe nyimbo mbili. Binti ana miaka 17. Nilisoma, nikaitia simu mfukoni, nikaendelea kutazama ngoma. Yeye alikuwa upande wa pili na binamu zake, ananiangalia. Alijua.

Siku ya tatu tulitumwa mjini Kakamega kununua mahitaji. Ukishaingia barabara kuu inayotoka Kisumu unapita Ilesi, na aliyepita pale hawezi kusahau: vyungu kando ya njia, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vyekundu na vyeusi, vikubwa vya kuhifadhia maji na vidogo vya mboga, na nyuma yake akina mama wanaovifinyanga. Matatu ilisimama kushusha abiria. Mama mmoja akapita dirishani na chungu kichwani, mikono miwili huru, anajiimbia kitu kwa sauti ya chini. Hapo hapo nikamkumbuka Siti binti Saad. Nilikuwa nimetoka kilomita mia kadhaa kuikimbia habari ya nyimbo, na habari ikanikuta Ilesi.

Wengi wetu tunalijua jina lake kuliko tunavyoyajua maisha yake. Alizaliwa yapata mwaka 1880 Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, penye ulimi wa ardhi ulioingia baharini. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu waliofikishwa visiwani na dhoruba ya utumwa. Mtoto akapewa jina la Mtumwa. Nataka usilipite jina hilo haraka, ndugu msomaji. Mtoto anaitwa achukue maji, anaitwa aje ale, anaitwa kwa upendo, na kila anapoitwa anatajiwa hali yake mbele ya watu. Utumwa Unguja ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa na umri unaokaribiana na wa binti yangu. Sheria iliondoka, jina likabaki.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Msichana aliposhika akili akawa ndiye mchuuzi: anajitwika vyungu na kuvitembeza kwa miguu, na kwa kuwa mchuuzi hana budi kujitangaza, yeye alijitangaza kwa kuimba. Watu wakaanza kuitambua sauti kabla hawajaziona bidhaa. Shule hakwenda, kusoma na kuandika hakufundishwa. Alichokuwa nacho ni koo, kifua chenye pumzi za mtu anayetembea mwendo mrefu na mzigo, na kumbukumbu ambayo haikumwangusha.

Yapata mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki, aliyeisikia sauti ile na kuamua kumfundisha. Kwa wakati ule jambo hilo halikuwa dogo. Taarab ilikuwa mali ya jumba. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kwamba alipenda muziki wa Misri hata akampeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, lugha ilikuwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa wakubwa. Ala zenyewe zilikuja kwa njia ya bahari, kama kila kitu chetu: kaskazi inaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi inayarudisha. Udi na kanuni zilishuka pamoja na tende na mazulia.

Mtumwa wa Fumba akaingia katika mduara huo na wenzake, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, huyu wa kwetu Mombasa. Akajifunza kuimba Kiarabu kwa kusikia na kushika. Kisha akafanya lililombakisha katika historia: aliimba Kiswahili. Lugha ya waliokaa barabarani nje ya jumba ikaingia ndani ya jumba kwa kinywa chake. Alialikwa kwa masultani na matajiri, akaimba amejistiri kwa buibui, na ndipo akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Sijui watu wangapi duniani wamefanya safari ndefu kama hiyo, kutoka Mtumwa hadi Siti, katika maisha mamoja na katika kisiwa kimoja.

Usidhani mji ulimpokea kwa maua. Walikuwepo waliomtungia mafumbo ya kumsimanga kwa asili yake, kwamba juzi tu alikuwa mchuuzi wa vyungu anatembea kwa miguu, leo anataka kukaa na mabibi, na isingekuwa sauti angekula nini. Wengine walimsema sura. Naye alijibu kwa njia ya kipwani, ndani ya wimbo, bila kutukana mtu, kwamba umbo na nasaba ni vya kupewa na cha kutazamwa kwa mtu ni akili na mwendo wake. Wimbo ule ukaenea kuliko masimango. Leo waliomsimanga hatuwajui majina.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwachukua yeye na wenzake kwenda Bombay kurekodi. Fikiria safari hiyo. Mwanamke wa Fumba, ana miaka kama 48, anapanda meli na kuikata bahari ile ile ambayo ala zake zilijia. Akarekodi kwa Kiswahili, na santuri ziliporudi zilisambaa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam, zikaingia bara kwa reli. Kampuni zikaona kumbe kuna soko, na nyingine zikafuata nyuma. Nyumba isiyo na gramafoni iliazima sikio kwa jirani. Nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia jinsi barazani kwao watu walivyonyamaza sindano ilipoteremshwa, hata waliokuwa wakicheza bao.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi tu, na hapa ndipo wengi wa siku hizi wanapomsahau. Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa hali ya chini, jioni watu walikutana na habari za mji zikageuzwa nyimbo. Aliimba juu ya mahakama na wakubwa. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, mwuaji akakimbilia bara, na walioishia kuadhibiwa wakawa wengine. Mwanamke aliyevaa buibui, asiyejua kuandika jina lake, alikuwa anawaambia wenye mamlaka kwamba hukumu hii haikukaa sawa, na kila mtaa ukaishika kwa moyo. Magazeti ya wakati ule yalikuwa na wasomaji wachache. Yeye alikuwa na wasikilizaji.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alizungumza naye, na kutokana na mazungumzo hayo tukapata Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Bila ya mzee yule kukaa chini na kusikiliza, tungebaki na uvumi. Waandishi wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti, na sidhani palikuwa na jina jingine la kufaa zaidi.

Niliwahi kufika Fumba. Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo huujaza ukumbi wa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Asubuhi nilifanya kama watalii, nikachukua gari mpaka Fumba, maana pale ndipo mashua za tanga hupakia wageni kwenda kisiwa cha Kwale na mafungu ya mchanga ya ghuba ya Menai. Nahodha alipolifungua tanga likashiba upepo, chombo kikalala ubavu, Wazungu wakapiga kelele za furaha, nami nikiri, nikapiga pia. Tukaogelea, tukala samaki wa kuchoma na tunda la kila aina, tukarudi jioni tumeungua na jua. Usiku nikawa Ngome Kongwe nasikiliza taarab na ngoma mpaka miguu ikafa ganzi. Siku nzuri kabisa.

Lakini katika siku yote ile hakuna aliyelitaja jina lake pale ufukweni. Nahodha hakumtaja, na mimi sikuuliza. Raha ya asubuhi ilikuwa katika kijiji chake na raha ya usiku ilikuwa katika kazi yake, na kati ya viwili hivyo kuna mwendo wa kilomita kama 20 ambao mimi niliupita ndani ya gari lenye kiyoyozi na yeye aliupita na vyungu kichwani. Jambo hili sikuliona mpaka nilipokaa ndani ya matatu Ilesi, miaka imepita.

Nililiona pia jingine, na hili ni zito kwangu. Ninapoandika katika safu hii kuhusu urithi wetu, Siti huwa namtaja kwa fahari. Wageni wakija namtaja. Watoto wa shule wakiniomba niwaeleze historia ya taarab namtaja wa kwanza. Kisha kikundi kinamwomba binti yangu aimbe nyimbo mbili, naitia simu mfukoni. Nilikuwa na sababu, na si za uongo zote. Dini yetu ina mipaka yake na masheikh wetu wanatofautiana katika muziki, nami siwezi kujifanya sijui. Usiku una watu wake. Na msichana akishapanda jukwaani, mji una midomo. Ila nilipozipima sababu zangu moja moja barabarani kurudi Iguhu, niligundua kwamba ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na hiyo ndiyo ile ile waliyokuwa nayo waliomsimanga Siti.

Jioni ile nilimwita binti yangu nyuma ya nyumba, penye migomba. Kwa mbali isukuti ilikuwa bado inalia. Nilianza kumweleza habari za Fumba, akaniambia anazijua, alisoma wasifu wote likizo iliyopita. Mimi mwenyewe niliusoma nikiwa na miaka thelathini na kitu. Basi tukazungumza masharti. Ataimba zile mbili, atakuwa na shangazi yake safari nzima tangu Mokowe wanapopanda boti mpaka wanaporudi, atavaa anavyovaa siku zote, na kabla ya salaa ya isha awe ameshamaliza. Kwa kikundi niliongeza mawili: jina lake liandikwe penye tangazo kama majina ya wanaume yanavyoandikwa, na malipo yake yawe kwenye karatasi yenye sahihi, si ahadi ya mdomoni baada ya tamasha. Ndugu yangu aliniandikia kwamba la karatasi limewashtua kidogo. Nikamjibu washtuke mapema.

Siku ya kuondoka tulisimama tena Ilesi na nikanunua chungu kimoja cha kupikia mboga. Mke wangu alicheka, kwamba Mombasa vyungu vimejaa. Kilisafiri mapajani mwa binti usiku mzima, amekizungushia leso, na tulipofika Mwembe Tayari asubuhi hakikuwa na hata ufa. Sasa kiko jikoni, na yeye yuko uani, anarudia ubeti wa pili ambao pumzi humwishia katikati.