Habari za Matateu, Mcheza Mpira wa Msumbiji

Vijana wetu wa Sumbawanga na wa vijiji vyote vya Ufipa wajua sana majina ya wacheza mpira wa Ulaya wa siku hizi, hata huyavaa migongoni mwao. Lakini ni wachache mno waliosikia habari za mtu wa nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma, aliyekwenda Ulaya kucheza mpira kwa mshahara katika siku zile ambazo babu zetu walishuka kutoka nyanda hizi za baridi kwenda kukata mkonge wa Tanga. Basi twapenda kuwapasha habari zake kidogo.

Jina lake ni Sebastião Lucas da Fonseca, lakini watu wote walimwita Matateu. Alizaliwa tarehe 26 Julai 1927 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo waitwa Maputo. Siku zile Msumbiji ilitawaliwa na Wareno, na sheria yao iliwagawa watu mafungu mawili: raia, na wenyeji wasio na haki za raia. Mwafrika aliweza kuhesabiwa raia, ila kwanza athibitishe kwamba ajua Kireno na kwamba aishi kwa desturi za Wareno. Nao waliokubaliwa walikuwa haba sana. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1961. Hata mpira uligawanywa vivyo hivyo. Vilabu vya Waafrika vilikuwa na chama chao peke yao, mbali na chama cha Wazungu, navyo vilicheza vitongojini katika viwanja vya mchanga. Huko ndiko Matateu alikopata miguu yake.

Mwaka 1951 akaitwa Lisbon na klabu ya Belenenses, akaenda, naye ana miaka 24. Klabu hiyo ilikuwa imepata ubingwa wa Ureno mara moja tu, mwaka 1946, nayo ilitamani sana kuupata tena mbele ya wakubwa wawili wa mji ule, Benfica na Sporting. Katika mchezo wake wa kwanza, mwezi wa Septemba, Matateu akawafunga Sporting magoli mawili; Belenenses wakashinda 4 kwa 3, na watu wakamchukua mabegani. Alikuwa mtu mwenye nguvu na mbio, na mkwaju wake uliogopwa na walinda lango wote. Msimu wa 1952 hadi 1953 akafunga magoli 29, akawa wa kwanza kwa magoli katika Ureno nzima.

Mwaka 1955 ndio uliokuwa mkubwa kwake, na uchungu wake pia. Msimu ule alifunga magoli 32, akawapita wote mara ya pili. Siku ya mwisho ya mashindano, tarehe 24 Aprili, Belenenses walicheza na Sporting nyumbani kwao. Walikuwa mbele 2 kwa 1, na kama wangeshika hivyo mpaka mwisho, ubingwa ulikuwa wao. Zikabaki dakika nne tu. Ndipo mchezaji wa Sporting, jina lake Martins, akasawazisha. Benfica walikuwa wameshinda mchezo wao siku ile ile, wakawafikia Belenenses kwa pointi, na kwa kanuni za mashindano wakapewa wao kombe. Matateu hakupata ubingwa maisha yake yote.

Hata mwezi haukutimia, tarehe 22 Mei, timu ya taifa ya Ureno ikacheza na Uingereza mjini Porto. Wareno walikuwa hawajawashinda Waingereza hata mara moja. Siku ile wakawashinda 3 kwa 1, na Matateu akiwa mmoja wa waliofunga. Akapewa sifa ya kuwa ajabu ya nane ya dunia. Hapo twaona jambo zito: taifa lilimshangilia mtu huyu aliyevaa shati lake, na kumbe kwao maelfu ya watu wa rangi yake hawakuhesabiwa raia wa taifa hilo. Aliivalia Ureno mara 27, akafunga magoli 13.

Alipenda bia, wala hakuificha, na wenzake walisimulia visa vingi juu ya jambo hilo. Sisi hatumsifu kwa hayo. Twasema tu kwamba mwili wake ulistahimili kuliko ya wengi. Mwaka 1960 akapata Kombe la Ureno, Belenenses walipowashinda Sporting 2 kwa 1. Mwaka 1964 akaiacha klabu hiyo akaenda Atlético, kisha akapita katika vilabu vidogo.

Mdogo wake Vicente alimfuata Lisbon mwaka 1954, akawa mlinzi hodari wa klabu ile ile. Huyo ndiye aliyemkaba Pelé katika Kombe la Dunia la 1966. Mwaka ule ule akapata ajali ya gari, akaharibika jicho, na mpira wake ukaishia hapo.

Matateu mwenyewe alihamia Canada, akaendelea kucheza pamoja na Wareno wahamiaji hata alipopita miaka 50. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, naye akiwa mbali. Akafa katika mji wa Victoria, Canada, tarehe 27 Januari 2000, mwenye umri wa miaka 72.