Kapita Phineas Gage na chuma cha baruti

Phineas Gage alikuwa kapita wa wapasua mawe kwenye njia ya reli, Vermont, Marekani. Tarehe 13 septemba 1848, akiwa na miaka 25, baruti ikalipuka mbele ya wakati. Chuma cha kushindilia, kilo 6, kiliingia kwa shavu la kushoto, kikatokea juu ya kichwa. Hakukufa! Alimueleza munganga mwenyewe yaliyomufika.

Lakini akabadilika: matusi, hasira, kushindwa kujizuia. Wakubwa wakakataa kumurudishia ukapita. Kwake waganga walianza kuona kwamba bongo la mbele ndilo breki ya mutu. Wachache wanakumbusha kwamba baadaye, kule Chile, aliendesha magari ya farasi miaka mingi. Mie naona kazi ilimufundisha tena kujizuia. Kifafa kilimuua San Francisco, 1860. Fuvu lake na kile chuma viko chuo kikuu cha Harvard.