Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyechunguza Jinsi Jicho Linavyopima Masafa

Wanafunzi wapendwa, kila siku tunanyoosha mkono na kuushika msahafu ulio juu ya rehali bila kuukosa. Tunaruka mtaro bila kutumbukia. Je, ni nani aliyelifundisha jicho kupima masafa? Swali hili lilimshughulisha Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham yapata miaka elfu moja iliyopita.

Alizaliwa Basra, Iraq, karibu na mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Wanahistoria wanasimulia kwamba akiwa bado kwao alidai kuwa lau angelikuwa Misri, angeliyadhibiti maji ya mto Nile yawafae watu wakati wa mafuriko na wakati wa ukame. Habari zikamfikia Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi, naye akamwita. Ibn al-Haytham akasafiri na mafundi hadi upande wa Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akatambua kwamba kazi ile lau ingewezekana, mafundi wale wasingeiacha. Akarudi Cairo, akakiri kuwa ameshindwa. Baadaye, kwa kuiogopa ghadhabu ya mtawala, alijifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani mpaka utawala wa Al-Hakim ulipokwisha mwaka 411 Hijria (1021). Kisha akaishi karibu na msikiti wa Al-Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu, hadi alipofariki karibu na mwaka 430 (1040).

Kitabu chake mashuhuri ni Kitab al-Manadhir, chenye juzuu saba. Kabla yake, Wayunani kama Euclid na Ptolemy walifundisha kuwa miale hutoka jichoni kukiendea kitu. Yeye alibainisha kuwa mwanga ndio unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hapo likazuka swali gumu: ikiwa jicho linapokea tu, linajuaje kuwa kitu kiko mbali?

Jibu lake ni kwamba jicho peke yake halijui. Akili ndiyo inayohukumu, ikitazama ardhi iliyo baina yetu na kile kitu. Na ardhi hiyo tumeipima tangu utotoni kwa nyayo zetu tukitembea na kwa mikono yetu tukiinyoosha, mpaka kupima kukawa mazoea tusiyoyahisi. Akatoa mfano: mtu achungulie tunduni, aone kuta mbili, moja nyuma ya nyingine, lakini ardhi asiione. Hatajua zimeachana kiasi gani. Vivyo hivyo mwezi unapochomoza huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini. Alisema kosa hilo ni la hukumu yetu, mwezi haukubadilika.

Hakumaliza kila kitu. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alionyesha kuwa tofauti ndogo baina ya picha za macho mawili nayo hutuonyesha kina. Lakini msingi alioujenga Ibn al-Haytham ulifika mbali: kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel, Uswisi, mwaka 1572.

Wanafunzi wapendwa, tuzingatie. Akiwa Basra aliuhukumu mto kwa mbali, na miguu yake ndiyo iliyomsahihisha. Basi tusihukumu tusichokifikia, na tukikosea tusione haya kurudi na kukiri. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.